Mama Mkwe Ndani ya Kiputo

Nilitaka picha moja tu. Kiputo cha sabuni kikiwa nusu kipo, nusu kimekwenda: upande huu kimevimba na rangi zake zote, upande ule kimechanika na kutapanya vitone kama ushanga uliokatika uzi. Nilishaona picha za namna hiyo, nikajiambia, kama wengine wameweza, mimi nina mkono gani uliopooza?

Siku ya kwanza nilitumia akili ya kawaida. Mkono wa kushoto sindano, wa kulia kidole kwenye kitufe cha kamera. Choma, bonyeza. Nikapata picha mia mbili na kitu za hewa. Hewa safi kabisa, na katika baadhi yake ncha ya sindano ikionekana kushangaa kama mimi.

Nikaenda kusoma, ndipo nilipojua ninashindana na nani. Ngozi ya kiputo ikitoboka, ukingo wa tundu hukimbia mita kama saba hadi kumi kwa sekunde, na kadiri ngozi ilivyo nyembamba ndivyo unavyozidi mbio. Kiputo cha ukubwa wa chungwa huisha kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Kidole changu, tangu jicho lione hadi kibonyeze, kinahitaji kama sehemu ishirini za hizo. Yaani nikibonyeza, marehemu ameshazikwa na matanga yamevunjwa.

Kilichoniuma zaidi ni kusoma kwamba mwaka 1904 kule Paris, Lucien Bull alipiga filamu ya kiputo kikitobolewa na risasi, akimulika kwa cheche za umeme. Mwaka 1904! Mimi nina kamera ya kidijitali na bado napiga picha hewa.

Siri, kumbe, haiko kwenye kamera. Unazima taa zote, unaiacha kamera imefungua jicho gizani, halafu flashi ndiyo inayopiga picha. Ukiishusha nguvu hadi chini kabisa, mwako wake unakuwa mfupi mno, kwenye flashi nyingi kama sehemu moja ya elfu ishirini ya sekunde. Inayobaki ni kuiambia flashi iwake lini. Nikanunua kidude chenye kinasa sauti: kikisikia mlio, kinawasha flashi.

Tatizo ni kwamba kiputo hakilii "paa!" kama puto. Kinalia kama mtu anayefungua midomo taratibu. Ikabidi nipandishe usikivu wa kile kidude hadi mwisho, na hapo kikawa na masikio ya jirani mmbea. Flashi iliwaka kwa mlio wa kamera yenyewe ikifunguka. Iliwaka nilipopiga chafya. Iliwaka kwa goti langu, ambalo sikuwa nikijua kwamba linalia.

Kwa hiyo nikajifunza kukaa kimya. Nilitundika shuka jeusi ukutani, nikachanganya maji, sabuni ya kuoshea vyombo na gliserini ili kiputo kisikauke upesi, nikakikalisha juu ya pete ya waya iliyolowa. Kikatulia vizuri, kinameremeta. Nikapiga picha ya majaribio nikaona doa kubwa jeupe katikati ya kiputo. Ni mimi. Kiputo ni kioo, na fulana yangu nyeupe ilikuwa imejaa humo kama mwezi. Nguo nyeusi sikuwa nayo. Nikavua fulana.

Basi tupate picha hiyo kwa ufasaha: mtu mzima, kifua wazi, chumba giza totoro, ameinama mbele ya kiputo, sindano mkononi, anazuia pumzi.

Nikafungua kamera. Nikachoma. Sindano ikaingia, na kiputo hakikupasuka.

Nikaichomoa nikachoma tena. Ikaingia ikatoka kama mgeni aliyezoea nyumba. Wiki nzima viputo vilikuwa vinapasuka nikivitazama tu, leo hiki nakichoma mbavuni kinanitazama. Baadaye nilikumbuka kwamba vidole vyangu vilikuwa vimelowa maji ya sabuni na sindano nayo imelowa, na kitu kilicholowa hupenya kiputo bila kukiua. Ngozi inakikumbatia tu. Lakini wakati ule sikukumbuka lolote. Nilichoma kwa hasira, mara ya tatu, ya nne, nikinong'ona, "Kufa! Kufa basi!"

"Hodi!"

Flashi: pwa!

Mlango ukafunguka, mwanga wa ukumbini ukaingia, na nyuma ya mwanga huo mama mkwe, amekuja kusalimia bila taarifa.

"Mungu wangu!"

Pwa! Flashi ya pili.

Nikasema, "Shikamoo mama." Pwa! Ya tatu. Hakuitikia. Aliufunga mlango taratibu, kama mtu anayemfungia mnyama, nikamsikia ukumbini akimuuliza mke wangu kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mumeo yuko salama?"

Kamera ilikuwa wazi muda wote huo. Jioni, alipokwisha kuondoka, nikatazama kilichomo. Kiputo kizima, cha mviringo, rangi zimepangana kama kanga. Na ndani yake mlango, na mlangoni mama mkwe, mkono kinywani. Mara mbili. Mmoja amesimama wima, mwingine yuko kichwa chini miguu juu, maana upande wa mbele wa kiputo huakisi kama kioo kilichobenuka na upande wa nyuma kama kioo kilichobonyea. Mimi nami nipo, mara mbili, kifua wazi, na sindano mbili.

Mke wangu alicheka hadi akakaa chini, kisha kabla sijamzuia akamtumia mama yake.

Jibu likaja kwangu moja kwa moja: "Mbona mmoja wangu amepinduliwa?"

Nikamwandikia aya tatu. Uakisi, ngozi ya mbele, ngozi ya nyuma, gliserini, hata Bwana Bull na risasi yake nikamtia. Akakaa kimya muda mrefu.

Halafu: "Sawa, baba, nimeelewa. Na fulana?"