Sijatolewa pepo, nilipakwa mafuta tu

Kabla hamjaendelea kunitumia ile status ya anayejiita rafiki yangu, eti nimetolewa pepo chini ya mbuyu, naomba nijieleze: sijatolewa pepo. Nilipakwa mafuta tu, tena kidogo, kwenye paji la uso.

Lile dude la kwenye mbuyu ni kamera. Kopo la maziwa ya unga, nimelizungushia tepu nyeusi ya mafundi umeme, ubavuni lina tundu la sindano, ndani karatasi ya picha niliyoikuta kwenye masanduku ya studio ya marehemu mjomba. Halina lenzi wala betri. Unalifunga likitazama mashariki, unaendelea na maisha yako. Kila siku jua linachora mstari wake mmoja, na kiangazi cha Dodoma mnakijua, wingu lenyewe unalitafuta kwa tochi. Uingereza kuna kopo la namna hii lilisahaulika kwenye kituo cha kutazama nyota tangu 2012 hadi 2020, likakutwa na miaka minane ya jua ndani. Mimi niliomba miezi sita tu, kuanzia 21 Juni. Majirani zangu wa Nkuhungu wakanipa mitatu.

Nilipanda kulifunga saa kumi na moja alfajiri. (Najua. Mtu mzima, alfajiri, juu ya mbuyu. Msiniandikie.)

Sasa juzi natoka soko la Sabasaba na nyanya zangu, nakuta umati. Mama mwenye nyumba kajifunga khanga kiunoni, mtumishi wa Mungu ana chupa ya mafuta, kopo liko chini limezungukwa kama nyoka. Mama akaniuliza, "Baba, wewe hutoka mapema, hujaona mtu hapa?"

Hapo ningesema "langu hilo" yangeisha. Nikasema, "Hapana mama, hata mimi nashangaa." Mjumbe naye akauliza, nikakana tena. Nikaweka nyanya chini, tukashikana mikono, nikakemea. Nilikemea kamera yangu mwenyewe, kwa sauti kuliko wote.

Kijana mmoja akalifungua kwa kijiti. Karatasi ilikuwa ya waridi, na mistari ya jua imelala humo kama ukili. Ilikuwa imetoka, jamani! Moyo ukaniuma. Ila karatasi ya aina hiyo ikipigwa na mwanga haitulii. Mbele ya macho yetu ile waridi ikaanza kuiva, taratibu, ikawa zambarau.

"Inageuka!" Bibi mmoja akapiga yowe, watoto wakatawanyika, na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga yowe pia.

Ndipo mjumbe akavaa miwani. "Subirini. Huku kwenye kitako kuna maandishi."

Nilikuwa nimesahau. Kwa mkono wangu, kwa wino mweupe: KIFAA, USIGUSE, PIGA. Na namba.

Mjumbe anasoma tarakimu moja moja, mama anabonyeza. Sifuri. Saba. Nataka kuzima simu, lakini mkono wa kulia kaushika mtumishi, wa kushoto kaushika bibi wa yowe, na bibi yule ana nguvu za kutwanga. Mama akamaliza, akatazama kioo, akakunja uso. "Mbona inaniletea Mpangaji Chumba cha Uani?"

Kimya. Upepo tu.

Mlio wa simu yangu ni jogoo.

Jogoo akawika mfukoni mwangu. Mara ya kwanza watu wakatazama juu ya mbuyu. Mara ya pili bibi akaniachia mkono. Mara ya tatu mtumishi akanigeukia polepole na ile chupa, na kuna mtu nyuma akasema, "Petro."

Yaliyofuata ni mafupi: mafuta, maelezo, soda kreti moja kwa gharama yangu. Nyanya zilikanyagwa. Karatasi nimeiwahi, nimeiskani, mistari ipo, na alama ya dole gumba lenye mafuta katikati. Jina la Petro nalo limeshafika hadi kwa bodaboda wa kijiweni.

Jana usiku mama kanigongea mlango, kwa sauti ya chini: kopo hilo linaweza kumnasa anayeiba kuku wake?

Nikamwambia linaweza, mradi mwizi akubali kusimama bandani miezi mitatu bila kutikisika.