Chambo cha vipepeo

Kwanza nijitetee: mimi si mlevi. Ile lita ya mnazi niliyoinunua Mtwapa ilikuwa ya vipepeo.

Ilikuwa mwishoni mwa Mei, masika yanaanza kupungua, na wakati huo ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke humeremeta mabawa kila upande. Msitu ule una aina zaidi ya 260 za vipepeo. Mimi kwa miaka miwili nilikuwa nimewatambua kumi na tisa, na baadhi yao nimewatambua vibaya. Yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi, niliyemwandika kwa kalamu ya wino kuwa Danaus chrysippus, kumbe alikuwa jike la Hypolimnas misippus, ambaye hana sumu ila amevaa sare ya mwenye sumu ili ndege wamheshimu. Nimewahi kutapeliwa na watu wengi, lakini kutapeliwa na mdudu kunauma kwa namna yake.

Safari hii nilimtaka Charaxes. Huyo ana mwili mnene, huruka kama aliyetumwa dawa, na wengi wa ukoo wake wana vijimkia viwili kwenye kila bawa la nyuma. Tatizo ni tabia. Maua hana habari nayo. Yeye ni matunda yaliyooza, utomvu wa miti, kinyesi, hata mzoga. Mjomba wangu wa Gede, ambaye ni mmoja wa wakulima wanaofuga viwavi na kuuza pupa kwa ule mradi wa Kipepeo ulioanza pale mwaka 1993, aliniambia kwa simu: "Mpwa wangu, ponda ndizi zilizooza, tia mnazi. Watakuja wenyewe."

Mtego nilishaushona kwa chandarua kikuukuu: mfuko mrefu ulioning'inizwa, sahani ya chambo chini. Kipepeo akishashiba huruka kwenda juu tu, wala hakumbuki kuwa mlango aliingilia chini.

Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wangu nilimsifu sana na hakutia hata tone. Aliniasa jambo moja tu: "Kifuniko usikikaze, kijana. Hiki kitu kinapumua." Lakini mimi napanda matatu ya Malindi, nikawaza harufu, nikawaza abiria, nikakikaza kile kidumu kwa mikono miwili na goti.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mzee wa heshima, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, kofia ya vito, udi unanukia. Akaniambia anakwenda Malindi kupeleka posa ya mjukuu wake. Nikampa hongera. Kidumu kilikuwa katikati ya miguu yangu, jua la saa sita linapiga, na humo ndani chachu ya mnazi imekutana na sukari ya ndizi kilo tatu. Hewa inazaliwa, haina pa kutokea.

Tulikuwa tumeshavuka daraja la Kilifi niliposikia kidumu kinanguruma. Nikainama nikilegeze kifuniko, robo mzunguko tu.

PWAA!

Dereva alidhani tairi limepasuka, akakanyaga breki. Kifuniko kiligonga dari, ndizi zikafuata. Mama mmoja nyuma alipiga shahada, mwingine akamkumbatia kuku wake kama mwana. Mimi nilipata usoni, simu yangu ikapata zaidi. Lakini sehemu kubwa, kwa haki isiyo haki, ilikwenda kwenye kanzu.

Hakuna aliyesema neno. Makanga akanusa, akaniangalia. "Kaka, hii ni pombe?"

"Ni chakula cha vipepeo."

Kwa jinsi basi zima lilivyocheka, nikajua hata ningeapa nisingeaminika. Mbele kidogo tukasimamishwa na askari wa barabarani. Akaingiza kichwa dirishani, akanusa kwa utaratibu, macho yakapita abiria mmoja mmoja mpaka yakatua kwa mzee.

"Shikamoo, mzee," alisema, kwa sauti ya mtu aliyevunjika moyo.

"Marahaba," mzee akajibu, ndizi inamteremka begani. "Muulize huyu."

Nilimwomba ateremke nami Gede, akapate kufuliwa kanzu, nikamlipie na nauli ya kuendelea. Alikubali bila kunitazama. Mjomba akampa kikoi na kiti chini ya mwembe, kanzu ikatundikwa kambani, shangazi akaenda kuteka maji. Mimi nikautundika mtego wangu kwa kile kilichobaki kidumuni, kama vijiko viwili.

Mtegoni hakuja hata inzi wa maana.

Kwenye kanzu walikuja saba. Wamekunja mabawa, mirija imetoka, wanafyonza kifuani na mikononi kama watoto wa jirani siku ya Idi. Mmoja alikuwa na mishipa ya kijani kwenye mabawa: Charaxes candiope, sina shaka, safari hii sina shaka kabisa. Nikachomoa simu. Kioo kimejaa uji wa ndizi, haiwaki.

Mzee alisogeza kiti karibu na kamba, akawaangalia kwa muda.

"Hawa ndio wenyewe?"

"Ndio, mzee wangu."

Akatoa simu yake kwenye mkunjo wa kikoi, akaninyooshea. "Wapige picha upesi, nifuliwe. Na wakiniuliza wakwe huko Malindi, utakuja nawe ukaeleze."

Nilikwenda. Nilieleza. Posa ilipokelewa, ila mpaka leo ukoo ule wananiita Mnazi.