Mbari ya Yuro

Kabla video haijafika kwa mamangu Kakamega, wacha niseme mwenyewe. Sikuandika bei ya bibi harusi kwenye bango. Lilikuwa jina la familia. Na anayewaambia nilikuwa nimelewa ni yule yule aliyekula sahani tatu za mukimo huku mimi nikijitetea peke yangu.

Haya. Dadake rafiki yangu alikuwa na ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) juzi Jumamosi, kwao Kasarani. Bango lilitakiwa kusema MBARĨ YA NGŨGĨ, yaani ukoo wa Ngũgĩ, na kimbelembele changu kikasema niachieni mimi. Mama yao akanionya: "Lakini uweke vile viwimbi juu, kijana wangu. Bila viwimbi hilo si jina letu." Nikamwambia tulia mama, mimi ni mtu wa kompyuta. (Mnaonijua, msianze.)

Kibodi haina herufi zenye kiwimbi juu. Nikatafuta namba: Ũ ni 0168, Ĩ ni 0128. Maelekezo yalikuwa wazi, kwenye Word unaandika namba kwanza, kisha unabonyeza Alt na X. Nikasoma nusu. Nikashikilia Alt, ndipo nikaandika namba. Kumbe namba za Unicode (orodha inayopa kila herufi namba yake) ni za hesabu ya kumi na sita, lakini ukishikilia Alt, Windows inazisoma kwa hesabu ya kumi, kutoka orodha yake nyingine. Huko 0168 ni vidoti viwili. Na 0128 ni alama ya yuro.

Niliiona, jameni. Nikajiambia hiyo ni fonti tu, ikifika kwa mashine ya River Road itajinyoosha. (Ndiyo, bango nilitengeneza kwa Word. Niacheni.) Mchapishaji mwenyewe aliniuliza, "Bosi, hii iko sawa?" Nikamjibu, "Hiyo ni Kikuyu, huwezi elewa." Akaniangalia, kisha akaendelea kuongea na mamake kwa simu. Kwa Kikuyu.

Jumamosi wageni wako nje ya lango wakiimba, akina mama wamebeba vikapu. Rafiki yangu kashika ncha moja ya bango, mimi nyingine, mikono juu. Lango likafunguliwa. Wimbo ukaanza kufa, sauti moja, nyingine, mpaka akabaki mama mmoja nyuma ambaye hakuwa ameona. Kisha naye akaona. Juu ya vichwa vyetu, kwa herufi nyekundu: MBAR€ YA NG¨G€.

Mzee wa upande wa bwana harusi akavaa miwani. Akaivua. Akaipangusa kwa koti, akaivaa tena. Akasogea mpaka nikasikia harufu ya ugoro, akainua bakora na kuigusa ile € ya kwanza, taratibu, kama anayepima mbuzi.

"Kijana, sisi tumekuja na shilingi. Haya mambo ya yuro mliamua lini?"

Nilikuwa na maelezo marefu kichwani. Kilichotoka ni, "Ni Unicode, mzee."

"Huyo naye ni mjomba wa upande gani?"

Na siwezi kushusha mikono, bango litaanguka. Nimesimama hivyo kama mwizi aliyekamatwa soko la Gikomba, wageni wakipiga picha.

Leso mbili zikafunika yuro zote, watu wakaingia, wakala, mahari ikazungumzwa. Vidoti hakuna aliyejali.

Na wewe uliyesambaza video, mia tano zangu za mwezi uliopita nazitaka leo. Shilingi.