Papai, mbuzi na mizani ya Majengo

Jumamosi nilikuwa kwenye bucha moja pale soko la Majengo, nasubiri kilo moja na nusu ya mbuzi. Muuzaji aliniona naikodolea macho mizani yake. "Dokta, usiiogope hiyo," akasema, akagonga kwa ncha ya kisu stika ya Wakala wa Vipimo iliyobandikwa ubavuni. "Walikuja na mawe yao, wakapima, wakabandika." (Mimi si daktari. Nilikuwa mteknolojia wa maabara, lakini Dodoma ukishavaa koti jeupe hata wiki moja utaitwa dokta mpaka unazikwa, nami nimechoka kusahihisha.) Alipomaliza kufunga nyama akaniuliza huku anacheka: "Na ile mizani yenu ya virusi, stika yake anabandika nani?"

Nilijua anakumbuka nini. Mtanzania ukimtajia maabara na virusi kwa pamoja, kinachomjia kichwani ni papai.

Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli alieleza kuwa sampuli za vitu visivyo watu, miongoni mwake papai, mbuzi na kware, zilipelekwa kimyakimya maabara ya taifa zikiwa na majina na umri wa binadamu, na baadhi zikarudi na majibu kwamba zina corona. Mkuu wa maabara akasimamishwa kazi. Siku chache baadaye John Nkengasong, aliyekuwa mkurugenzi wa kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, akasema vipimo vile havina tatizo. Nchi ikagawanyika mafungu mawili: waliosema maabara zote ni uongo mtupu, na waliosema hadithi ya papai ni kichekesho.

Msimamo wangu huenda ukawaudhi wote. Kuipelekea maabara sampuli ya fumbo ni wazo zuri, na ndilo hasa tunalotakiwa kufanyiwa, tena mara kwa mara. Lililoniuma ni yaliyofuata. Sampuli ya fumbo ikifeli, siku hiyo ndipo kazi inapoanza: unairudia, unaipeleka maabara ya pili, unapekua vitendanishi (kemikali za kupimia), unaangalia sampuli za udhibiti za siku ile, zile ambazo majibu yake yanajulikana tayari, zilisomaje. Vipimo vingi vya corona vinatafuta pia jeni ya binadamu ndani ya sampuli, ili mpimaji ajue kweli kuna chembe za mtu kwenye kile kijiti. Papai halina jeni hiyo. Kwa hiyo swali langu la kwanza lingekuwa: je, kipimo kile kilikuwa na kipengele hicho, na kama kilikuwa nacho, kilisema nini? Swali kavu la watu wa maabara, najua. Lakini lingetufundisha mengi kuliko vile vichekesho vya WhatsApp.

Kwa kawaida kuipima maabara yenyewe huenda hivi. Maabara inaletewa boksi lenye vichupa vidogo, vitano au kumi, vyenye namba tu. Vingine vina virusi vingi, vingine vichache mno, kimoja hakina kitu. Kwa virusi vya hatari kama Ebola na Marburg, vilivyomo huwa vimeshauliwa kwa joto au mionzi, au ni vipande tu vya chembe za urithi vilivyotengenezwa, kwa hiyo anayebeba boksi hana cha kuogopa. Unapima, unatuma majibu, kisha walioleta boksi, wenye ufunguo wa majibu, wanakusahihishia kama mwalimu na daftari.

Nimewahi kupigiwa msalaba mwekundu. Maabara niliyofanyia kazi zamani, sitaitaja, ilipokea vichupa vitano vya virusi vya UKIMWI na kichupa cha nne kilikuwa kitupu. Sisi tukakiandikia virusi kidogo. Nilipoona marekebisho nilihisi joto limepanda mpaka masikioni. Tulikaa wiki nzima tukitafuta, mpaka tukagundua kuwa vijana wa zamu walikuwa wanafungua mirija ya sampuli zilizokwisha kuzidishwa na mashine kwenye chumba kilekile cha kuandalia sampuli, feni ikizunguka juu. Dodoma na joto lake la Novemba, nani angezima feni? PCR, njia yetu ya kupimia virusi, huzidisha kipande kimoja cha chembe za urithi kikawa mamilioni, kwa hiyo tone lisiloonekana kwa macho linatosha kumpa mgonjwa ugonjwa asio nao. Tukatenganisha vyumba. Lile boksi la vichupa vitano lilitusaidia kuliko semina zote nilizowahi kulipwa posho.

Na tusidhani ni shida yetu peke yetu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa kimataifa ambapo maabara 24, nyingi zikiwa za Ulaya, zilipewa sampuli za virusi vya jamii ya Ebola na Marburg, vya Lassa, na vya jamii ya ndui. Sampuli zilizokuwa na nakala 5,000 au zaidi za virusi kwa mililita, ni chini ya nusu ya maabara hizo zilizozikamata zote.  Faida ya zoezi kama hilo ni kujua wapi vipimo vyako havioni, ili urekebishe.

Ila kuna ujanja mmoja, na hapa nasema ya jikoni. Boksi la vichupa likifika, kila mtu anajua. Anachaguliwa fundi bora, mashine inasafishwa, sampuli inapimwa mara tatu, na wapo wanaopigia simu maabara jirani: "Kichupa cha pili mmepata nini?" Ni pilau ya wageni hiyo. Sampuli ya mama wa Bahi iliyoingia saa tisa usiku inapikwa kwenye sufuria nyingine kabisa. Ndiyo maana sampuli ya fumbo halisi, iliyochanganywa na za wagonjwa bila mpimaji kujua, ndiyo inayosema ukweli. Mwaka 2020 hilo tu lilifanywa sawasawa.

Kwa nini sisi wa kanda ya kati tujali? Muuzaji wangu wa nyama anajua. Mwaka 2007, baada ya mvua nyingi, mbu na mifugo kutupa mimba, Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza na watu, ilituingia na mkoa wa Dodoma ndio ulioumia kuliko yote nchini. Watu walikimbia nyama, mabucha yakanuka upweke. Homa ile ikianza inafanana na malaria, macho hayawezi kuitenganisha. Maabara ikikosea upande mmoja, mchinjaji anakufa. Ikikosea upande wa pili, mfugaji anauza ng'ombe kwa bei ya mbuzi.

Halafu Januari 2025, Marburg ya Biharamulo, mkoani Kagera. Kwanza tuliambiwa sampuli hazina kitu, kisha tarehe 20, hapahapa Dodoma, Rais Samia akiwa na Dk. Tedros wa Shirika la Afya Duniani akatangaza mgonjwa 1 amethibitika, sampuli nyingine 25 zikiwa hasi. Mtaani nikasikia, "Si mnaona wanavyobadilika?" Jamani, kubadilika kwa majibu si lazima uwe uongo. Mgonjwa wa virusi hivi akichukuliwa damu siku ya kwanza au ya pili ya homa, virusi vinaweza kuwa bado ni vichache, kipimo kikasema hana. Ndiyo maana damu hurudiwa homa ikishatimiza siku tatu. Na kinyume chake: chukua watu 1,000 wa stendi ya Nanenane ambao mmoja tu ana ugonjwa, uwapime kwa kipimo kinachokosea mtu mmoja katika kila mia ya wazima. Utapata kama kumi wenye majibu ya ugonjwa wasio nao, na mmoja aliye nao. Bila kurudia kwa kipimo cha pili, utawafungia karantini kumi na moja wote.

Ninachotaka ni kidogo. Kila maabara inayopima virusi ibandike ukutani alama zake za mwisho za vichupa, vingapi ilipata na vingapi ilikosa, na ilifanya nini baada ya kukosa.

Jumatatu nilipita kwenye maabara moja hapa mjini kumchukulia shemeji majibu. Nikasoma ukuta wote nikiwa kwenye foleni: bei za vipimo, bango la kukataa rushwa, sanduku la maoni lenye kufuli iliyoshika kutu, kalenda ya mwaka jana. Nikamuuliza dada wa mapokezi alama zao za mwisho zilikuwa ngapi.

"Alama za nini, baba?"