Leseni ya nani hii?

Ukifika Chunya, mkoani Mbeya, kutafuta kazi ya duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, hakuna atakayekuuliza kama unaamini dhahabu ipo. Lupa, eneo la dhahabu la huko, imechimbwa tangu enzi za Mwingereza, hilo liliisha. Swali ni moja: leseni ya nani hii?

Miaka michache iliyopita mfumuko, yaani watu kukimbilia dhahabu iliyogunduliwa ghafla, ulitokea karibu na mashamba ya mjomba wangu. Ndani ya siku tatu bodaboda zilijaa, mama ntilie wakatandaza maturubai, watu wakaanza kushusha maduara. Wiki ya pili akaja kijana wa viatu visafi na bahasha ya kaki. Eneo lina mwenyewe, akasema, na leseni imeshatoka. Karatasi niliishika mwenyewe. Ilikuwa imetolewa siku chache tu baada ya jiwe la kwanza kuonyesha rangi, kwa jina ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kulisikia. Baadaye wakasema ni shemeji wa mtu anayekaa kwenye ofisi ambako habari za mfumuko hufika mapema. La ushemeji siwezi kuliapia. Tarehe niliiona.

Tangu siku hiyo, kila viroba kumi vya mawe mjomba alivyotoa shimoni, vitatu vilienda kwa mwenye leseni, ambaye hakuleta hata kamba.

Na kisheria hapo huna pa kushika. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania, haizidi hekta 10, hudumu miaka 7, na anayewahi kuomba ndiye anayesikilizwa kwanza. Ila kati ya mtu aliye shimoni na mtu aliyekaa mbele ya ramani ya vitalu, nani atawahi? Ndiyo maana huwa nashangaa tukizungumzia rushwa ya madini kana kwamba lazima noti zipite chini ya meza. Simu ya dakika mbili inatosha.

Wakubwa nao walituonyesha njia. Mwaka 2005 asilimia 70 ya mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, kule Ileje, iliuzwa kwa kampuni ya TanPower Resources. Habari zilipovuja, majina yaliyotajwa bungeni na magazetini kuwa nyuma ya kampuni hiyo yalikuwa ya rais aliyeuza, Benjamin Mkapa, na waziri wake wa nishati na madini, Daniel Yona. Hakuna aliyetiwa hatiani kwa Kiwira. Wafanyakazi walidai mishahara hadi wakachoka, na mwishowe mgodi ukarudi serikalini chini ya STAMICO, shirika la madini la taifa. Yona alihukumiwa mwaka 2015 pamoja na Basil Mramba, aliyekuwa waziri wa fedha, lakini kwa jambo jingine: mkataba wa kampuni ya kukagua dhahabu.

Tangu 2015 tunayo sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi, inayotaka mikataba na majina ya wenye hisa yawekwe hadharani. Nzuri. Ila mjomba hana muda wa kupekua tovuti ya Dodoma. Mimi ningetaka kila leseni ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji inakochimbwa, pale pale yanapobandikwa majina ya wanaodaiwa michango: siku na saa ya kuomba, aliyepokea maombi, na mwenye mali mwenyewe, shemeji akae pembeni.