Malkia wa Karanga

Kijiwe chetu cha kahawa kipo nyuma ya soko la Mwanjelwa, na mchezo wa pale ni drafti: vizibo vya soda dhidi ya vizibo vya bia, ubao umechorwa kwa kalamu juu ya boksi, kelele mpaka magharibi. Chesi niliipeleka mimi. Niliona hata Mbeya nayo inastahili ustaarabu kidogo.

Siku hizo nilikuwa mfuasi wa sadaka, yaani kutoa kete yako iliwe makusudi ili umnase mwenzako. Niliwahubiria habari za Mikhail Tal, yule mchawi wa Riga, aliyemvua Botvinnik ubingwa wa dunia mwaka 1960 akiwa na miaka 23. Tal alikuwa anaweza kukutupia farasi katikati ya ubao, kisha akakuacha upige hesabu mwenyewe huku saa inakimbia. Wachambuzi wangekuja baadaye kuonesha pa kuponea, lakini wakati huo marehemu keshazikwa. Nikaingia kwa Anderssen, London, 1851: alimpa Kieseritzky askofu, ngome zote mbili na malkia, halafu akamuua mfalme kwa askofu aliyebaki na farasi wawili.

"Si kulisha tu huko?" akauliza mzee mmoja, macho yako kwenye drafti yake. "Unalisha moja, unakula tatu. Ndiyo kaandikwa vitabuni kwa hilo?"

Nikamkaribisha ubaoni palepale.

Seti yangu haikuwa na malkia mweupe, alipotelea kwenye daladala. Vizibo vyote vilikuwa kazini, na kwa baridi ile ya Julai hakuna aliyekuwa tayari kuinuka kwenda kutafuta kingine. Muuza kahawa akanipa kashata ya karanga. Nikaiweka kando ya mfalme, ikapendeza kweli.

Mzee alikuwa amejifunza kanuni kwa kututazama tu, na alicheza kwa namna ya kuudhi. Hashambulii. Kila nilikotaka kupita nilikuta keshapaziba. Petrosian, bingwa wa dunia kuanzia 1963 hadi 1969, ndiye aliyesifika kwa tabia hiyo ya kuizima hatari kabla mwenzake hajaiwaza. Hata sadaka aliyoipenda ilikuwa ya kibahili, ngome kwa farasi au askofu, apate utulivu wake. Sasa nani anakwenda kijiweni kutazama utulivu? Nikatoa ngome ya kwanza. Watu wakaguna. Nikatoa ya pili. Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe.

Ndipo nikamsogeza malkia mbele ya farasi wa mzee. Akimla tu, hatua inayofuata mfalme wake hana pa kwenda. Bobby Fischer alimwachia Donald Byrne malkia mwaka 1956, yeye ana miaka 13, na pambano hilo wakaliita la karne. Mimi langu ningeridhika liitwe la wiki.

Mzee akainama. Akashika kidevu. Kijiwe kizima kimya.

Bajaji ikasimama. Dereva akashuka anatetemeka, katoka Uyole, akapokea kikombe chake, akapenyeza mkono katikati yetu, akamchukua malkia, akamtafuna.

Hapo zikazuka kesi tatu kwa wakati mmoja. Mimi nilidai malkia wangu arudi. Upande wa drafti wakasema ulishamtoa mwenyewe, unalia nini, aliyeliwa kaliwa. Kaliwa na nani? Huyu si mchezaji, wala si farasi! Muuza kahawa yeye alitaka kujua nani analipa. Dereva, mdomo umejaa, akasema karanga zimekaangwa vizuri.

Mzee akainua mkono, wakanyamaza. Akatoa hela mfukoni, akanunua kashata nyingine, akaiweka kwenye kijumba kilekile. Nikasema moyoni, huyu ni muungwana. Nikakaa vizuri nikimsubiri ale.

"Sili," akasema. "Nina sukari. Daktari kanikataza."

Ngome yake ikateremka hadi mstari wangu wa mwisho, ambako walinzi nilishawagawa wote. Mfalme wangu alikuwa pembeni, kabanwa na askari wake mwenyewe.

Nikaanza kuwaeleza kwamba wazo lenyewe, kitaalamu, lilikuwa zuri kuliko matokeo, na kwamba Tal angenielewa. Walikuwa wameshageukia drafti. Aliyebaki kunitazama ni dereva wa bajaji, naye hakuwa ananitazama mimi.

"Kaka," akasema, "kwa hiyo hii sasa haina mwenyewe?"