Iodini Kivu: ya kwenye chumvi na ya kwenye chupa

Mtu wa Bukavu akisikia iodini huwaza rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, na ana sababu. Kaskazini mwa kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, wenye rovu walikuwa wengi mno, hata watafiti wakapiga kambi huko miaka ya 1960. Walichokuta kinashangaza: kusini-magharibi mwa kisiwa hichohicho iodini ilikuwa haba vilevile, lakini marovu yalikuwa machache. Macho yakageukia muhogo, ambao usipolowekwa vizuri huizuia tezi ya shingo kunyonya hata iodini kidogo iliyopo.

Kwa hiyo anayesema sisi wa Kivu tumeze iodini ya ziada hasemi upuuzi. Mjamzito akiikosa kabisa, mtoto anaweza kuzaliwa na ubongo uliodumaa, na hilo halina dawa.

Tatizo ni kipimo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Gramu 5 za chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo zinatosha kutoa hizo 150. Tone moja la Lugol ya asilimia 5, maji ya iodini ya kwenye chupa, lina karibu miligramu 6 (mikrogramu 6,000), yaani mara 40 ya hitaji la siku! Kikomo cha juu cha mtu mzima kwa siku Ulaya ni mikrogramu 600, Marekani 1,100.

Wengine huruka upande wa pili, wakisema chumvi yenye iodini ndiyo sumu. Ushahidi wanao, tena wa kwetu. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha taarifa kuhusu watu wa Kivu ambao tezi zao zilifanya kazi kupita kiasi kwa sababu ya iodini. Walio hatarini zaidi ni wazee wenye rovu la miaka mingi lenye vinundu: moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, mtu anakula vizuri na bado anakonda. Lakini hatari hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita, ilhali upungufu ukiachwa huwapata watoto wa kila kizazi. Mimi niko upande wa chumvi, mradi kiasi chake kikaguliwe.

Chupa ya matone ni kesi nyingine. Iodini nyingi inaweza pia kuifanya tezi ifanye kazi chini ya kiasi, nayo tezi ya namna hiyo huvimba. Mwenye rovu akiona shingo inazidi kujaa atadhani dozi ni ndogo, aongeze matone, wakati alichohitaji tangu mwanzo ni kupimwa damu.